Mkwe Kwenye Njia ya Mbao

Mulwa alikuwa na nyumba lakini hakuwa na pa kukaa. Usicheke. Nyumba yenyewe iko Acocks Green, ghorofa ya juu, vyumba viwili, jiko, bafu moja, na ujia mwembamba unaounganisha vyote. Ni mwembamba kiasi kwamba wawili wakikutana humo, mmoja lazima agande ukutani ili mwenzake apite. Jina lililoandikwa kwenye kengele ya mlango ni lake. Lakini tangu mama mkwe wake aje kutoka Machakos, Mulwa alikuwa akiingia kwake kama mwizi: anasimama kwanza kwenye ngazi, anatega sikio, anasikia sufuria zinagongana jikoni, ndipo anapita mbio kwenda chumbani na viatu mkononi.

Kwa Wakamba, mwanamume na mama wa mkewe hawazoeani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima nzito. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakielekea kukutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ipo njia ya kuilegeza haya hiyo: mbuzi anapelekwa, wazee wanakaa, na baada ya hapo watu wanaweza kusalimiana kama watu. Mulwa aliahidi kumpeleka huyo mbuzi kila mwaka, na kila mwaka akabaki Birmingham. Sasa mama mkwe amekuja na mbuzi hajaenda. Huko Machakos isingekuwa taabu kubwa, maana kuna boma lako na boma la wakwe, na katikati vichaka tele. Acocks Green utaingia kichaka cha nani?

Bafu ndilo lililomtesa zaidi. Siku moja alfajiri alifungua mlango wa chumba akamwona mama mkwe akitoka kuoga, taulo kichwani, leso kifuani. Wote wawili waliruka. Yeye alirudi ndani akagonga kichwa kwenye kabati, na mama akajifungia bafuni tena, akakaa humo mpaka Mulwa alipoondoka kwenda kazini bila kunawa uso. Tangu siku hiyo alianza kuogea kwenye bwawa la kuogelea la mtaa. Mtu mzima, baba wa mtoto, anaenda kuoga na sabuni kwenye mfuko wa plastiki!

Kazi yake ni kupanga mizigo kwenye ghala moja kule Washwood Heath. Akitoka shifti mchana, wenzake wanakimbilia makwao. Yeye anapanda basi namba kumi na moja, lile linalozunguka mji mzima, anakaa juu mbele, anazunguka nalo. Mguu wake wa kulia hautulii. Unatikisika basi likienda, unatikisika basi likisimama, hata abiria wa pembeni wanauangalia kisha wanahama kiti. Hakuwa hivyo zamani. Mguu ulianza kutikisika majira ya baridi, baada ya Brigid kujifungua.

Brigid, mkewe, ni nesi. Ni mwanamke wa kucheka, wa kupiga simu huku anakaanga vitunguu, wa kukutania mpaka ukasirike kisha akucheke kwa kukasirika. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike mzima kabisa, na watu wa kanisani wakaja na vyakula na nyimbo. Walipoondoka, yule Brigid waliyekuwa wakimjua akawa kama ameondoka nao. Alinyamaza. Alikula ukimwambia kula. Siku moja Mulwa alirudi kutoka kazini akasikia mtoto analia chumbani, analia kilio cha kukauka koo, na Brigid hayupo. Akamkuta bafuni. Alikuwa ameketi ndani ya bafu lisilo na maji, na nguo zake zote, na koti, anatazama bomba.

"Unafanya nini humu?" Mulwa aliuliza.

"Hapa hanipati," Brigid alisema. Alimaanisha mtoto.

Daktari aliupa ugonjwa huo jina, akampa Brigid dawa na miadi. Lakini kilichomsaidia kuliko vyote kilikuwa mama yake. Mama Brigid alishuka kwenye ndege na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Ukambani, kwenye sanduku, akamvua Brigid lile koti, akamwogesha kama mtoto, akambeba mjukuu mgongoni, akaanza kupika. Polepole Brigid alianza kula bila kuambiwa. Alianza kumshika mtoto. Kucheka bado, lakini angalau macho yake yalikuwa yamerudi. Alimwapisha Mulwa jambo moja tu: mama asiambiwe habari ya bafu. Mama aliambiwa ni mshono tu unauma. Mulwa aliapa, akanyamaza, na mguu wake ukaendelea kutikisika.

Hiyo njia ya mbao aliipata kwa sababu alichoka kuzunguka na basi. Alishuka siku moja upande wa Moseley, akafuata watu wawili wenye mbwa, akajikuta ndani ya msitu mdogo wenye kinamasi katikati. Juu ya kinamasi wamejenga njia ya mbao, nyembamba, imefunikwa wavu wa waya ili watu wasiteleze. Huku na huku ni maji meusi, miti iliyoota miguu ndani ya tope, na majani ya kijani laini yaliyotandaa juu ya kila kitu. Nyumba za watu ziko nyuma ya miti tu, unasikia hata magari, lakini ndani humo ni kama mtu amefunga mlango. Mulwa alisema, hapa angalau hakuna mkwe.

Kulikuwa na korongo mmoja wa kijivu anayesimama kwenye maji kwa mguu mmoja. Mulwa alimwonea wivu bure. Ndege mzima, hana haraka, hana wasiwasi, hana mahali anapokimbilia wala anapokimbia. Mulwa akija, mbao zinaanza kutetema kwa ule mguu wake, na korongo anakunjua mabawa, anaondoka taratibu kama mtu aliyechoka na majirani.

"Wewe ndiye unayewafukuza," sauti ilimwambia siku hiyo ya kwanza.

Alikuwa mzee wa Kipunjabi, kilemba cha buluu, darubini shingoni. Jina lake Gurmit, dereva wa basi aliyestaafu, na sasa anakuja kinamasini kila siku ya Mungu kuangalia wanyama. Alimwonyesha Mulwa mbao zilivyopokea mtikisiko na kuupeleka mpaka mwisho wa njia. Ukikanyaga hapa, alisema, chura wa kule ameshajua. Akamfundisha kusimama: magoti yalegee, mikono mfukoni, macho yasirukeruke. Mulwa alijaribu. Alihesabu pumzi, aliuma meno, alibana mguu wa kulia kwa wa kushoto. Wapi! Mguu ulikuwa na akili yake.

Gurmit hakumfukuza hata hivyo. Alimkopesha darubini ya pili, akamwonyesha kigogota anavyogonga mti uliokufa, akamwonyesha mbweha anapolala. Na akamwambia siri yake. Kulikuwa na alama za miguu kwenye tope karibu na bwawa la mwisho, na mavi yenye mifupa ya samaki. Fisi maji. Maisha yake yote Gurmit hajawahi kumwona fisi maji ndani ya mji huu, na sasa alikuwa anamsubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, Brigid alimpigia simu Mulwa akiwa kituoni anasubiri basi.

"Mama anaondoka Jumamosi," alisema. "Kaka ameshabadilisha tiketi."

"Jumamosi hii? Kwa nini?"

"Anasema amemfukuza mwenye nyumba. Anasema mwanamume anakula chakula baridi akiwa amesimama kama askari wa getini, na aibu hiyo ni yake. Anasema atarudi kwao ili wewe upate kukaa."

"Mwambie mimi sina neno naye! Mwambie abaki!"

"Nimemwambia. Anasema namfunikia mume wangu aibu."

"Brigid, mwambie tena."

"Mwambie wewe," Brigid alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya siku ya bafuni, bapa kabisa. "Mimi nimechoka, Mulwa. Mtoto analia." Simu ikakatika.

Mulwa alibaki pale kituoni, simu mkononi. Kuogopa aliogopa, wala sitamfichia. Alijua Jumamosi mama akipanda ndege, Jumatatu yeye ataenda ghalani, na Brigid atabaki peke yake na mtoto na lile bafu. Na aliyekuwa anamfukuza huyo mama ni yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kwa kila siku aliyochelewa kurudi kwa ajili ya kumheshimu. Angemwambiaje? Kumwendea na kumsemesha usoni, mkwe, bila mbuzi? Hata mdomo ungekataa kufunguka. Na jambo lenyewe ambalo lingemzuia mama asiondoke ndilo aliloapa kutolisema. Basi likaja, akapanda, na badala ya kwenda nyumbani akashuka Moseley. Ukimuuliza kwa nini, hata yeye hajui.

Sasa sikia balaa. Siku hiyohiyo, jirani wa nyumba ya pili alipanda ngazi kumuaga Mama Brigid. Jirani huyo anaitwa Halimo, Msomali wa Garissa aliyepitia Uholanzi kabla ya kufika Birmingham, mwanamke wa sauti kubwa na roho kubwa zaidi. Akamkuta mama anakunja nguo sandukuni.

"Umeona nini cha nchi hii, mama?" Halimo aliuliza.

"Nimeona jiko."

"Wallahi? Utafika Machakos watu wakuulize Ulaya ikoje, useme Ulaya ni sinki? Vaa viatu. Gari liko chini. Kuna msitu mzuri hapo karibu, utanyoosha miguu, tutarudi kabla mtoto hajaamka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mulwa alikuwa katikati ya njia ya mbao, pale inapokuwa nyembamba kuliko kote na haina hata ubao wa kushikilia. Nyuma yake Gurmit alikuwa amesimamisha darubini kubwa ya miguu mitatu, na wenzake watatu wamejipanga wameziba njia yote, kimya kama watu walio kanisani. Fisi maji alikuwa ameonekana asubuhi. Gurmit alikuwa amemnong'oneza Mulwa kwa ukali: leo ukitikisa huo mguu, nitaukata. Basi Mulwa aliubana, akageuka kutazama upande wa pili, na kwenye kona ya njia akaona leso ya njano na kahawia juu ya koti zito la baridi. Aliijua leso ile. Aliinunua yeye, akaipeleka kwa mikono ya wajomba zake siku ya posa.

Mama mkwe alikuwa anamjia, polepole, anatazama chini asiteleze. Halimo alikuwa nyuma yake anaongea.

Mtu mwingine angesema, si ageuke tu ampe mgongo? Lakini mgongo hautoshi kwenye njia ya namna ile. Ili apite, mama angelazimika kumgusa, bega kwa bega, mbele ya watu. Nyuma kumezibwa. Mbele ni mkwe. Na miguu ya Mulwa ilikuwa imefundishwa na babu zake kabla haijafundishwa na Gurmit: ukimwona mkwe njiani, ingia kichakani. Pembeni palikuwa na majani ya kijani, laini, mazuri, yametandaa kama zulia. Akaruka.

Halikuwa zulia. Alizama mguu mmoja, akazama wa pili, tope likampanda magoti, likampanda mapaja, likatoa mlio mmoja mrefu wa aibu, na maji meusi yakaruka mpaka kwenye kilemba cha Gurmit.

"Mama yangu weee!" Mulwa alipiga ukelele.

Mama Brigid aliinua macho, akamtambua mkwe wake, na palepale, bila kufikiri, akageuka akampa mgongo. Wengine wote walimkimbilia Mulwa. Gurmit alikuwa anafoka kwa lugha tatu. Mmoja alitaka kuita zimamoto. Halimo alishika kichwa.

"Huyu si baba mwenye nyumba? Mama! Ni mkwe wako! Anazama!"

"Nimemwona," Mama Brigid alisema akiangalia maji ya upande wa pili. "Mwambie asipigepige miguu. Tope humeza anayehangaika."

"Si yuko hapa? Mwambie mwenyewe!"

"Halimo, mwambie."

"Baba, mama anasema usihangaike," Halimo alisema, macho yamemtoka.

Mulwa akaacha kuhangaika. Hakuwa na hiari, maana miguu yote miwili ilikuwa imeshikwa barabara, hata ule wa kulia. Alikuwa amezama hadi kiunoni, baridi imemwingia mifupani, mbele ya Wazungu na darubini zao. Akaona hapa nimeshafika mwisho wa aibu, hakuna aibu nyingine iliyobaki. Akafunga macho.

"Halimo, mwambie mama asiondoke Jumamosi."

"Anasikia, baba."

"Mwambie sitoki nyumbani kwa kumchukia. Natoka kwa heshima."

Mama alijibu bila kugeuka. "Mwambie heshima yake naiona ilipomfikisha."

"Mwambie," Mulwa alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, "mwambie si mshono. Kabla hajaja nilimkuta Brigid ameketi kwenye bafu kavu na koti lake, mtoto anakauka kwa kulia chumbani. Alisema pale mtoto hampati. Niliapa nisiseme. Mwambie akiondoka sijui nitamkuta wapi siku nyingine. Mwambie naogopa, Halimo. Naogopa kurudi nyumbani."

Halimo hakurudia hata neno moja. Alijifunika mdomo kwa mtandio. Wale wengine hawakuelewa Kiswahili lakini walinyamaza, kwa sababu mwanamume anayelia analia kwa lugha moja tu.

Mama Brigid hakugeuka. Kisha akafungua leso kiunoni, akaikunja kwa urefu, akaitupa nyuma juu ya bega lake bila kutazama.

"Mpe ashike," alisema. "Na huyo mzee wa kilemba aje ashike huku na mimi. Ana kazi gani hapo, kupiga kelele tu?"

Wakavuta. Mama mbele, leso begani, kama anavuta ndama asiyetaka kuja. Gurmit nyuma yake. Halimo amemshika Gurmit koti huku anaomba Mungu kwa sauti. Mulwa akatoka kidogokidogo, akalala kifudifudi juu ya mbao, buti moja limebaki chini na huenda liko huko mpaka leo. Mkono wake haukugusa wa mkwe wake. Leso ilikuwa katikati.

Ndipo Gurmit alipokumbuka. Akaangalia maji yaliyochafuka, akaketi juu ya mbao kama aliyefiwa. "Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima, na huyu bwana anaruka kama chura."

Halimo alimtafsiria mama kwamba mzee alikuwa anamsubiri mnyama fulani wa majini.

"Mwenye mkia mnene?" Mama Brigid aliuliza. "Masharubu kama ya paka? Amepita. Mkwe wangu aliporuka, yeye alitoka chini ya mizizi ile akaogelea mpaka kule, akasimama akanitazama. Si nilikuwa nimegeukia huko? Nyinyi nyote mlikuwa mnaangalia tope."

Gurmit alimtaka asimulie mara ya pili, na mara ya tatu, aonyeshe kwa mkono ukubwa wake, aonyeshe mzizi. Kisha akavua kofia ambayo hakuwa nayo, yaani alishika kilemba chake kwa heshima, akamwinamia.

Nyumbani Mulwa aliingia na soksi moja, kwa mlango wa mbele, bila kutega sikio. Alioga kwenye bafu lake mwenyewe mpaka maji ya moto yakaisha. Alipotoka alikuta kitu kipya: mama alikuwa amechukua shuka la maua, akalitundika kwa misumari kwenye mlango wa jikoni, kutoka juu hadi karibu na sakafu. Upande huu ujia, upande ule jiko. Kwenye ujia pamewekwa kiti kimoja, kimeupa mlango mgongo.

"Brigid," sauti ya mama ilisema kutoka ndani, "mwambie mwenye nyumba akae."

Mulwa akakaa. Nyuma ya shuka alisikia mama anamsimulia Brigid, kwa Kikamba, bila haraka, hakuacha hata chembe: leso begani, Halimo amemning'inia Gurmit, buti lililobaki, na ule mlio. Mama akaufanya ule mlio wa tope kwa mdomo.

Kisha Brigid akacheka. Kicheko kilianza kidogo, puani, halafu kikamshinda, akacheka kwa sauti, akacheka mpaka akalia mama nyamaza, mama mshono utafumuka, kisha akacheka tena. Mtoto naye akashtuka, akaanza kulia, na Mulwa akasikia mkewe anasema, "Njoo, njoo kwa mama," na kilio kikatulia.

"Na Jumamosi?" Brigid aliuliza baadaye, anafuta pua.

"Mpigie kaka yako aihangaikie hiyo tiketi tena. Na umwambie ampelekee baba yako mbuzi, aseme ametoka kwa Mulwa. Wataelewana wenyewe." Mama akafunika sufuria. "Wewe utalala na mimi leo, wewe na mtoto. Utaniambia habari ya bafu."

Sahani ikasukumwa chini ya shuka mpaka kwenye visigino vya Mulwa, muthokoi wa moto, unafuka moshi. Aliiinua akaiweka mapajani. Ndipo alipotambua kwamba sahani haitikisiki. Akautazama mguu wake wa kulia, umetulia kwenye sakafu, na akaanza kula.